Harufu ya Maji

Mwisho wa mwezi wa nane mwaka jana tulipokea kifurushi kutoka Ulaya. Kilikuwa kimepita mikononi mwa watu watatu kabla ya kufika kwetu Kalemie, tena kilifungwa kwa utepe mwingi hata tukakikata kwa kisu cha jikoni. Ndani mlikuwa na soksi jozi mbili, miwani ya kusomea ya mama yetu, barua, na kisanduku cha karatasi ngumu chenye chupa ya marashi. Huku kwetu wengi husema malasi. Neno ni lile lile, limechoka njiani tu.

Aliyetuma ni mdogo wetu wa kike, ambaye sasa ni mwaka wa sita yuko Ubelgiji, akifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Aliandika hivi: "Yaya, huku ni wakati wa joto, nao watu wanajitia marashi mepesi ya namna hii, ati yananukia maji. Nimekukumbuka wewe unayefundisha watu sitini katika chumba kimoja chini ya mabati. Jaribu, kiisha uniambie."

Juu ya kisanduku paliandikwa kwa Kifaransa: eau de toilette. Mtoto wetu wa kwanza, ambaye ameanza masomo ya sekondari na anapenda kuonyesha Kifaransa chake, alisoma kwa sauti, akaangua kicheko: "Baba, umeletewa maji ya choo!" Tulimweleza kwa upole kwamba toilette kwanza ni kitambaa kidogo, kile ambacho Wafaransa wa zamani walikitandika mezani pahali pa kujipambia, ndipo jina likahamia kwenye kujipamba kwenyewe, na mwisho kabisa likafika huko chooni. Alisikiliza kwa adabu. Kiisha akaenda kuwaambia wenzake wote kwamba baba yake ameletewa maji ya choo kutoka Ulaya.

Jina la chupa hatulitaji. Gazeti si duka. Yatosha kusema ni ya kioo cha samawati hafifu, nayo ni ya jamii ile ambayo Wafaransa huiita marashi ya majini.

Hapa twaomba kusahihisha kosa tulilojifunza seminarini. Pale tulizoea kugeuza neno la Kifaransa été kuwa "kiangazi", tukaendelea na tafsiri bila kujali. Ni kweli miezi yaangukia pamoja: wao wanapovua makoti, sisi hatuna mvua. Walakini kiangazi chetu cha mwezi wa sita na wa saba ni upepo wa kusini na usiku wa baridi, hata wazee wanaota moto. Joto letu laja baadaye, mwezi wa kenda na wa kumi, wakati mawingu yanapoanza kukusanyika juu ya ziwa na kukataa kunyesha. Kwa hiyo chupa ya wakati wa joto wa Ulaya ilitufikia saa yake barabara, ingawa yule mdogo wetu hakukusudia.

Siku ya kwanza tulikosea. Tulibonyeza mara nane, kifuani, shingoni, mpaka juu ya shati, kama mtu anayefukuza mbu. Nyumbani mama wa watoto wetu alifungua madirisha yote mawili, wala hakusema neno. Tulipokuwa njiani jua likayapasha moto yale marashi. Tulipofika shuleni watoto wa benchi la kwanza walipiga chafya mmoja baada ya mwingine. Mzee mmoja wa kanisa, mtu wa maneno machache, alituuliza kama katekista anayo ruhusa ya kunukia. Tukamjibu, kwa kiburi kidogo cha mtu aliyesoma, kwamba hata Krisma takatifu ni mafuta yaliyochanganywa na balsamu ili yanukie. Akasema: "Ile hutiwa na Askofu. Hii umejitia mwenyewe." Tukanyamaza.

Siku ya pili tulibonyeza mara mbili tu, moja shingoni na moja kwenye kifundo cha mkono, bila kusugua. Tukachukua daftari. Ni desturi ya seminarini iliyotushika: kila jambo liandikwe pamoja na saa yake.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi: ganda la limau, na jani kama la mnanaa lililovunjwa mkononi. Yanaamsha, kama mtu aliyefungua mlango nyuma yako. Saa moja na nusu: limau limekwenda. Pamebaki kitu cha baridi, chenye majimaji, tusichoweza kukipa jina. Si ua, si tunda kamili, si sabuni. Saa tatu: hakuna kitu. Tuliandika "yamekwisha" na kupiga mstari. Walakini saa sita tuliporudi nyumbani, mama wa watoto alisema tungali tunanukia tangu mlangoni. Kumbe pua ndiyo iliyochoka, si marashi yaliyokwisha. Pua haipendi kuarifiwa jambo lile lile mara mia. Hunyamaza, ingoje habari mpya. Ndiyo sababu mtu anayejitia marashi kila siku huzidisha kidogo kidogo, mpaka wenzake wanahama benchi, naye hajui. Jioni, kwenye ukosi wa shati, palikuwa na harufu ya mti mkavu.

Sababu ya kugeuka geuka hivi si uchawi. Katika marashi ya namna hii, kwa kila sehemu mia, zile zinazonukia huwa kama tano hadi kumi na tano. Zilizobaki karibu zote ni alkoli, na maji kidogo. Alkoli huruka upesi ikiyachukua yale mepesi kama limau. Yale mazito, kama mti na miski, hukawia kwenye ngozi. Mafundi hutaja kichwa cha marashi, moyo wake na msingi wake. Joto huharakisha mambo yote hayo, na jasho huyachanganya. Mtu wa Ubelgiji ajitiaye asubuhi huenda akakaa na kichwa muda kuliko sisi. Kwetu kichwa hakifiki mwisho wa barabara.

Tungaliweza kumaliza habari hapa na kumwandikia mdogo wetu: asante, ni mazuri, yanaburudisha. Lakini siku ya Alhamisi likatupata jambo.

Sisi, pamoja na kazi nyingine, twafundisha jioni watu wazima kusoma, kuandika na kuhesabu. Wengi ni akina mama wa sokoni. Kati yao yuko mama mmoja wa ndakala. Msomaji asiyejua ziwa letu aelewe kwamba ndakala ni samaki wadogo kama kidole, wanaovuliwa usiku kwa taa wakati mwezi hauonekani. Alfajiri mitumbwi yarudi, akina mama wananunua kwa beseni, wanazitandaza mchangani kwenye jua, kiisha wanawauzia wachuuzi wanaozipeleka bara. Mama huyo alikuja kwetu kwa sababu moja tu. Mchuuzi mmoja alikuwa akimwandikia deni katika karatasi, naye anaitunza karatasi vizuri katika kitambaa, wala hajui kwamba pale palipotakiwa beseni kumi na tatu paliandikwa tatu. Alipojua, hakulia. Alinunua daftari.

Sasa ni lazima tuseme kosa letu wenyewe, la mwaka uliotangulia. Chumba ni kidogo, joto ni lile tulilolisema, na jioni moja baadhi ya wanafunzi walinung'unika kwa ajili ya harufu. Tulisimama mbele ya wote tukasema: "Wanaotoka ziwani wanawe vizuri kwanza, kwa heshima ya wenzao." Hatukutaja jina. Hapakuwa na haja; vichwa vyote viligeukia pahali pamoja. Tangu siku ile mama huyo alikaa kwenye benchi la mwisho, mlangoni, na daftari lake alilileta ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Sisi tulidhani anaogopa mvua. Katikati ya kiangazi, tulidhani anaogopa mvua!

Alhamisi ile wanafunzi walianza kusema: "Mwalimu ananukia leo." Akina mama wakasogea, wakacheka, wakauliza ni marashi gani. Tukajibu kwa furaha kwamba yametoka Ulaya, na harufu yake ni harufu ya maji.

"Maji gani hayo, Mwalimu?" aliuliza yule wa mlangoni.

"Ya bahari."

"Umekwisha kuiona bahari?"

Tulikiri kwamba hatujaiona. Watu wakacheka tena, na sisi pamoja nao. Ndipo akasema, bila hasira, kama mtu anayeuliza bei: "Mimi natoka majini kila siku ya Mungu. Kama maji yananukia hivyo, mbona mimi niko mlangoni?"

Hakuna aliyecheka. Tuligeukia ubao, tukaandika tena sentensi iliyokuwa imekwisha kuandikwa.

Usiku ule tulikaa na simu tukitafuta jibu la swali lake la kwanza, kwani la pili tulijua hatuna jibu. Maji gani?

Neno parfum lenyewe latoka Kilatini, per fumum, yaani kwa njia ya moshi: manukato ya kwanza yalikuwa ya kufukizwa, kama ubani. Marashi mepesi ya kuburudisha yana jina la mji wa Cologne, Ujerumani. Huko mwaka 1709 ilianzishwa nyumba ya Farina, na Mwitalia Johann Maria Farina akatengeneza maji yake ya limau na machungwa, akikumbuka asubuhi ya kwao Italia baada ya mvua. Twampenda mtu huyo, kwa kuwa aliweka katika chupa kitu alichokiona kweli na kukikosa. Nao Wahindi wa mji wa Kannauj huoka vidongo vya udongo, wakavichemsha pamoja na maji, mvuke ukapita kwenye bomba na kuingia katika mafuta ya msandali. Hutoka marashi yenye harufu ya mvua ya kwanza juu ya ardhi kavu. Harufu hiyo mwaka 1964 wataalamu wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliipa jina la petrikori. Kila mtu wa Kalemie anaijua bila jina. Na tazama, hata hiyo si harufu ya maji. Ni ya udongo uliopokea maji.

Lakini marashi ya majini ya leo yana asili nyingine. Mwaka 1966 wanakemia wa Pfizer, kampuni ya madawa, walitengeneza kitu kinachoitwa kaloni, chenye harufu ya upepo wa pwani. Kilikaa miaka mingi bila kutumiwa sana. Mwaka 1988 kikatiwa kwa wingi katika marashi ya Aramis yanayoitwa New West. Mwaka ule ule fundi Pierre Bourdon alitengenezea nyumba ya Davidoff marashi ya Cool Water, akitumia kwa wingi kitu kingine, dihidromirsenoli, kilichokuwa kimezoeleka zaidi katika sabuni za kufulia. Kiisha ikawa desturi. Mjapani Issey Miyake alitaka marashi safi kama maji, na mwaka 1992 fundi Jacques Cavallier akamtengenezea L'Eau d'Issey. Mwaka 1996 zikatoka Acqua di Giò za Giorgio Armani. Watu wa sehemu nyingi za dunia walizinunua, na chupa yetu ya samawati ni mjukuu wa hizo.

Bahari yenyewe je? Chumvi haina harufu, wala maji safi hayana. Sehemu kubwa ya ile iitwayo harufu ya bahari ni gesi, dimethili sulfidi. Mimea midogo sana ielea baharini. Inapokufa au kuliwa, vijidudu vinakivunja kitu kilichomo ndani yake na kuiachilia gesi ile. Mwaka 2007 wataalamu wa chuo cha Norwich, Uingereza, walieleza jinsi vijidudu hivyo vinavyofanya kazi hiyo. Ikiwa kidogo katika upepo, yapendeza. Ikiwa nyingi, yanuka kabichi iliyochemshwa kupita kiasi. Fundi wa marashi huiacha nje kabisa, au karibu kabisa. Yaani huchukua baridi ya maji, weupe wa maji, upepo wa juu ya maji, akaacha kila kinachoishi na kufa ndani yake. Hatumlaumu. Nani angelipa feza nyingi kwa kabichi? Lakini tulipofika hapo tulizima simu, tukakaa gizani. Kwa maana sisi nasi chumbani mwetu tulikuwa tumefanya kazi ya fundi.

Alfajiri ya Jumamosi tuliteremka ziwani. Tulikuwa na karatasi nyembamba tuliyoikata katika daftari, tukaitia tone moja la marashi na kuiweka mfukoni. Mafundi nao hujaribu kwenye karatasi hivyo hivyo. Twasema kweli, tulitaka pia kulinganisha.

Ziwa letu lina urefu wa karibu kilomita 670, na kina chake pale penye kina kikubwa chapita mita 1,400. Maji yake ni ya kunywa, si ya chumvi. Hapa Kalemie yanatoka kwa mto Lukuga, unaokwenda kuingia Lualaba, ndio Kongo, mpaka Banana kwenye bahari. Basi maji yetu nayo ni ya bahari, kama yakifika. Ingawa mengi hayaendi mtoni, hupanda juu kwa jua na kuwa mawingu.

Tulisimama mchangani kabla ya mitumbwi kufika. Mwanzoni pua ilisema: hakuna kitu, baridi tu. Halafu mchanga uliolowa. Halafu kamba mbichi na nyavu, moshi wa kuni, mafuta ya injini, matope chini ya majani ya matete. Mitumbwi ilipofika, harufu nyingine zote zilisogea kando. Samaki mbichi, wale waliotoka majini sasa hivi, hawanuki kama watu wanavyodhani. Wananukia kidogo kama tango. Tulishangaa, kwani ni jirani kabisa na ile harufu ya baridi ya saa moja na nusu. Ile nyingine, inayomfuata mtu mpaka nyumbani, huja baadaye, kwa jua, kwa saa nyingi, kwa mafuta ya samaki yanayogeuka. Huja na kazi.

Yule mama alituona. Alikuwa na beseni kichwani, nasi tukapokea la pili, lililokuwa chini. "Utanuka, Mwalimu," alisema. Tulimwambia kwamba tumekuja kwa ajili ya neno la mwaka jana. Kwamba tulikosa, na kwamba tulikosa mbele ya watu. Aliendelea kutandaza ndakala kwa kiganja, haraka haraka, kama mtu anayenyoosha shuka. Kisha akasema kwamba ananawa kwa ndimu kila jioni, na kwa sabuni ya unga, mpaka ngozi inapasuka. Alituonyesha vidole. Hatuviandiki hapa.

Ndimu inafaa kweli, kwani ukali wake huvunja nguvu ya harufu ya samaki. Inavunja pia mikono, ikiwa kila siku.

Tukampa ile karatasi. Aliinusa mara moja, mbali kidogo, kama anavyonusa mzigo. "Ganda la tikiti," alisema. "Lile jeupe la ndani, si nyekundu." Tuliduwaa. Mara ngapi usiku ule tulikuwa tumesoma kwamba mafundi wa marashi, wakitaka kuieleza kaloni, hutaja tikiti maji? Sisi tuliyavaa siku nne, na daftari, na saa, tukaandika "kitu tusichoweza kukipa jina". Akacheka, akaanza kutueleza kazi yake. Kwa pua anajua ndakala zilizokauka siku moja na zile za siku mbili, zilizopata umande, beseni ambalo chini yake mmefichwa samaki wa jana. Alifumba macho, tukamletea konzi tatu kutoka sehemu tatu, akazitaja zote bila kukosea. Mtu wa namna hiyo tulimweka mlangoni kwa ajili ya pua za watu wengine.

Jumanne iliyofuata tuliomba radhi mbele ya wote, kwa maneno yale yale ya kutaja kosa, lakini safari hii tukijitaja. Halafu tukamwomba ahamie mbele. Alikataa, alisema mlangoni kuna upepo na amepazoea. Basi tukahamisha ubao. Sasa ubao uko upande wa mlango, na benchi la mwisho limekuwa la kwanza. Wengi walinung'unika, kwa sababu mwanga waingia vibaya na chaki haionekani vizuri saa kumi na moja. Ni kweli, haionekani vizuri. Wawili wamehamia darasa jingine, wala hatujui kama ni kwa ajili ya mwanga. Mfuko wa plastiki bado anao, ila sasa anautumia kuwekea kalamu.

Jumapili mdogo wetu alipiga simu. Tulimwambia marashi ni mazuri, tena yanafaa kwa joto, ikiwa mtu hakubonyeza mara nane. Tukamwuliza yeye, aliyekwisha kufika Ostende, kama bahari inanukia hivyo kweli. Akafikiri. Alisema hapana, bahari inanukia kama kwetu bandarini asubuhi, lakini kama imefuliwa. Kiisha akasema jambo ambalo hakuliandika katika barua. Alinunua chupa mbili za namna ile, moja yetu, moja yake. Anaosha wazee tangu asubuhi, anawabadilisha nguo, anawageuza kitandani. Ananawa vizuri kabla ya kutoka. Hata hivyo jioni moja katika basi mwanamke aliyeketi karibu naye aliinuka akaenda kusimama, ingawa safari ilikuwa ndefu. "Labda alikuwa karibu kushuka," tulisema. "Hakushuka, Yaya," alijibu. "Nilishuka mimi kwanza." Tangu siku ile hujitia marashi mlangoni mwa nyumba ya wazee, kabla ya kupanda basi.

Tulikaa kimya muda, na simu inakula feza. Hatukumweleza habari ya benchi la mlangoni. Hatujamweleza mpaka leo. Akisoma hapa, atajua.

Ndipo akauliza kama ndakala za kwetu zingali zinanuka vile vile. Tukasema zingali. "Nitumie," alisema.

Tulinunua kwa mama yule yule, kilo mbili, za siku mbili, zisizopata umande. Alizichagua kwa pua na kuandika bei mwenyewe katika daftari lake, kumi na tatu ikiwa kumi na tatu. Tulizifunga katika mifuko mitatu. Kijana aliyekuwa akisafiri alizinusa, akatutazama, akaomba wa nne.